Matofali ya Sebuleni

Ofisa ustawi wa jamii wa hospitali alikuwa na fomu ya kurasa mbili. Kwenye ukurasa wa pili, palipoandikwa "Mali isiyohamishika", mtu alikuwa ameshajaza kwa kalamu ya bluu: nyumba moja, ghorofa mbili, vyumba saba, ua na kisima.

"Mama, hapa pana tatizo," alisema ofisa, akaigeuza fomu ili mwanamke aliyekaa mbele yake aisome mwenyewe. "Unaomba mumeo asamehewe gharama za upasuaji kwa sababu hamna uwezo. Lakini jana muuguzi alipomuuliza, mgonjwa mwenyewe kwa kinywa chake amesema ana nyumba ya ghorofa."

Mwanamke aliusoma ule mstari mara mbili. Kazi yake ilikuwa kusafisha majumba ya watu, na alishazoea kuitwa na kuonyeshwa mambo kwa kidole, hapa pana vumbi, hapa pana doa. Lakini hili lilimpandisha joto mpaka masikioni. Aliijua ile nyumba. Kwa miaka tisa alikuwa akiisikia ikitajwa chumbani kwake, na chumba chenyewe ni kimoja, cha kupanga, kimegawanywa kwa pazia, kitanda huku na jiko kule.

"Hiyo nyumba haipo," alisema.

"Mmeiuza?"

"Haikuwahi kuwapo. Ni ya kwenye gemu. Ya kompyuta."

Ofisa aliweka kalamu chini. Ikabidi aelezwe tangu mwanzo. Akaambiwa kwamba kuna gemu ambalo watu wa miji mbalimbali huliingia kwa intaneti, kila mmoja akiwa na mtu wake humo ndani, mtu mwenye kazi na cheo, na kwamba wanapigana na madude, wanauziana vitu, wanajenga. Mume wake alikuwa amejenga humo. Ofisa akauliza kama nyumba ya namna hiyo inauzika. Mwanamke akasema hajui. Ofisa akamwita mwenzake wa meza ya pili aje asikie, na mwanamke akaombwa arudie, akarudia. Yule mwenzake alicheka mpaka akajifuta machozi. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeshinda na kazi ngumu kutwa nzima na sasa kapata kitulizo. Kwenye benchi la mlangoni watu watatu waliosubiri na fomu zao nao walisikia yote.

"Na kisima kina maji?" aliuliza yule mwenzake.

Mwanamke alitazama chini. Ofisa, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliukata ule mstari kwa rula, akaandika juu yake "Nyumba: hakuna", akamwambia aweke saini pembeni. Akaweka. Ndivyo alivyothibitisha kwa maandishi kwamba mume wake, aliyewajengea watu nyumba zaidi ya arobaini, yeye mwenyewe hana hata moja.

*

Kila mtu alimwita Fundi, na mkewe pia. Alikuwa mwashi. Miaka tisa nyuma aliteleza kwenye jukwaa la mbao, ghorofa ya tatu, akavunjika nyonga. Mkandarasi alikuja kumwona mara moja tu na mfuko wa machungwa, na tangu hapo simu yake ikawa haipokelewi. Fundi akabaki na magongo mawili. Mwenye duka moja la intaneti, aliyejengewa ukuta na hajamaliza kulipa, alipofunga biashara alimletea kompyuta kuukuu badala ya hela, na kumbe ndani yake mlikuwa na lile gemu.

Mwanzoni mkewe aliita ile kompyuta "mke mwenzangu", na wote wawili wakacheka. Baadaye alipoita hivyo hakuna aliyecheka. Alijaribu kila njia. Alificha waya. Aligoma kununua bando. Alilia. Alimwita shemeji yake, kaka mkubwa wa Fundi, aje kumweka mdogo wake chini, na kaka akasema saa mbili nzima. Fundi alimsikiliza kwa adabu, akamsindikiza mpaka barabarani kwa magongo yake, akarudi, akaiwasha. Binti yao aliyeolewa mbali alikuwa akipiga simu na kuuliza kwanza, "Baba yupo nyumbani au yupo kwenye nyumba yake?"

Kisha ikaja sukari, na baada ya sukari kidonda cha mguuni kilichokataa kufunga.

Sasa alikuwa amelala kitanda cha kumi na moja, shuka imeinuliwa kwa tao la chuma isiguse mguu. Mkewe alifika akiwa bado na moto wa kule ofisini. Alitaka kumwambia alivyochekwa, maneno yalishamfika mdomoni. Fundi akamtangulia.

"Umeingia?"

"Fundi."

"Leo ni siku ya ishirini na tano, mama. Zikitimia thelathini mwenye nyumba hajaonekana, inabomolewa. Ndiyo sheria yao. Hakuna rufaa."

"Jumanne wanakukata mguu, wewe unahesabu siku za nyumba ya hewani."

"Mguu umeshakwenda," alisema Fundi taratibu, kama anayemwelewesha mtoto. "Nyumba bado ipo."

Mke wa mgonjwa wa kitanda cha kumi, mama mmoja mpole aliyekuwa akimenya chungwa, aligeuka na kumwambia amshukuru Mungu, wengine wakitoka hapa hawana pa kurudi. Mwanamke alichukua bahasha ya dawa iliyokuwa kabatini, akaomba kalamu kwa muuguzi, akaandika kila alichoambiwa: wapi pa kuwasha, wapi pa kubofya, ngazi ipi apande, mlango upi. Mwisho akauliza neno la siri.

Fundi alimtajia tarehe. Mkewe alikuwa ameshaanza kuandika alipotambua kuwa si tarehe ya ndoa yao, wala si ya kuzaliwa binti yao. Ilikuwa ya siku aliyoanguka.

*

Jumamosi alasiri, baada ya kusafisha nyumba ya tatu kwa siku hiyo, alirudi chumbani, akavua viatu, akakaa kwenye kiti cha mumewe. Kiti kilikuwa kimebonyea umbo la mwili wa Fundi na kilimkataa. Akawasha. Akafuata bahasha mstari kwa mstari, kidole kimoja kwenye kibodi na mkono mzima umeshika kipanya kama anayeshika sabuni inayoteleza.

Alitarajia kitu cha kitoto. Alijikuta mbele ya nyumba.

Mke wa mwashi anajua kutazama kona. Kona zilikuwa zimenyooka. Baraza lilikuwa na nguzo nne, na ngazi za kupandia zilikuwa fupi, za mtu mwenye maumivu ya nyonga. Ndani dari lilikuwa juu, hewa tele. Alimtembeza yule mtu wa mumewe, mwanamume mrefu mwenye miguu miwili mizima, chumba baada ya chumba, akigonga kuta kwa kutojua kuendesha. Jikoni alisimama. Juu ya karo la kuoshea vyombo palikuwa na dirisha pana, mwanga unaingia mpaka sakafuni. Mwaka wa kwanza wa ndoa, walipokuwa wakipikia uani chini ya bati la mwenye nyumba, alimwambia Fundi kwamba siku wakijaliwa kujenga, yeye anataka kitu kimoja tu, dirisha juu ya karo. Alilisema mara moja na hakulirudia.

Badala ya kufurahi alichukia. Alichukia sana, akajishangaa. Miaka tisa anaosha vyombo kwenye beseni chini, akiwa ameinama, na mwanamume mita mbili kutoka kwake anamjengea dirisha mahali ambapo hatasimama kamwe.

Akatoka humo, akaingia sebuleni, na sebuleni ndiko kulikokuwa na uchafu.

Matofali. Rundo la matofali mabichi kwa mabivu, mengine yamepinda, mengine meusi kwa kuungua, yamerundikwa katikati ya chumba kizuri kuliko vyote mpaka yanaziba nusu ya dirisha. Alicheka peke yake, kicheko kibaya. Ndivyo alivyokuwa zamani. Enzi za kazi, Fundi hakurudi bila kitu, leo vipande vya tofali, kesho debe la saruji iliyoanza kuganda, akisema vitafaa, na yeye ndiye aliyekuwa akivitoa nje na kufagia mchanga kitandani. Kumbe tabia aliihamisha tu.

Alibofya rundo. Yakatokea maneno: hamisha, gawa, tupa. Akabofya la tatu.

Gemu likamuuliza kama ana hakika, maana kitu kikishatupwa hakirudi.

Hapa lazima isemwe ilivyokuwa. Mwanamke huyu alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye majumba ya watu na hakuwahi kutupa hata risiti iliyokunjwa bila kumuuliza mwenyewe. Ndiyo sifa yake, ndiyo maana alipewa funguo. Anajua kwamba kwenye nyumba ya mtu hakuna takataka mpaka mwenye nyumba aseme ni takataka. Jumamosi ile simu ilikuwa pale mezani na Fundi alikuwa na simu chini ya mto. Hakumuuliza. Aliwaza yule mtu wa meza ya pili akijifuta machozi, akaiwaza tarehe iliyoandikwa kwenye bahasha. Akabofya ndiyo.

Sebule ikawa nyeupe, sakafu inang'aa, mwanga wote wa dirisha umeingia. Moyo wake ukatulia, kama unavyotulia akimaliza kupiga deki.

*

Hazikupita dakika tano mlango wa ile nyumba ya kwenye gemu ukagongwa. Aliingia mtu mfupi mwenye kofia nyekundu, juu ya kichwa chake pameandikwa Katibu. Maneno yake yakaanza kujipanga chini ya skrini. Fundi, umeonekana. Siku ishirini na saba. Tumekosa usingizi.

Mwanamke aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta herufi moja moja. *mimi si fundi mimi mkewe yupo hospitali*

Katibu akaandika: *Pole sana, Shemeji.*

Hakujua kwamba kule ndani ana jina, na kwamba jina lenyewe ni la undugu. Katibu akaomba ruhusa awaambie wenzake. Ndani ya nusu saa ua wote ulijaa. Walikuja wakubwa kwa wadogo, wenye mikuki na wenye vikapu, wakasimama kimya kama watu waliofika kumtazama mgonjwa na hawataki kuchosha nyumba. Mmoja mmoja aliandika pole. Mmoja alisema yeye ni dereva wa lori, na kila akilala njiani huingia dakika kumi kumwambia Fundi amefika wapi. Mwingine ni mwalimu. Mwingine alisema alifiwa akaja kule hataki kusema na mtu, na Fundi akampa koleo, akamwambia hapa hatusemi, tunajenga. Waliokuwa wamegombana aliwapatanisha. Wageni aliwafundisha bila kudai kitu. Kikao cha chama chao cha humo hakikufunguliwa kabla yeye hajafika.

*Vita tumevichoka zamani,* aliandika Katibu. *Gemu lenyewe limezeeka, yapo mazuri zaidi ya hili. Mimi nakuja mwaka wa nane kwa sababu nikikosekana, kuna mtu ataniuliza nilikuwa wapi.*

Mwanamke alisoma hilo mara kadhaa. Alikumbuka kwamba yeye, jioni zote zile, Fundi alipokuwa akizima kompyuta na kupanda kitandani, hakuwahi kumuuliza alikuwa wapi. Alikuwa akimpa kisogo.

Kisha wakaingia sebuleni.

*Shemeji, matofali ameyahamishia wapi?*

*nimesafisha*

*Umeyaweka wapi?*

*nimetupa*

Wale watu walisimama tu wakizunguka pale palipokuwa na rundo. Hatimaye Katibu akamweleza, kwa sentensi fupi fupi, bila ukali. Kila anayejiunga na chama chao, kazi yake ya kwanza ni kwenda mtoni mwenyewe, kuchota udongo, kufyatua tofali moja, kulichoma, kuandika jina lake na kumletea Fundi. Wengine hulipinda, wengine huliunguza, yeye hupokea hivyohivyo. Yalikuwa mia moja arobaini na matatu. Ukiligusa moja, jina linatokea. Wengi wa wenye majina walishaondoka, hawajulikani walipo. Wanne walishafariki, duniani, si kwenye gemu. Fundi alikuwa akisubiri yatimie mia na hamsini ajenge nayo ukuta mmoja wa mbele, mtu akiingia asome wote.

*Moja lilikuwa la mdogo wangu,* aliandika Katibu. *Ndilo lililopinda. Ndicho kitu chake nilichobaki nacho cha kwenda kukitazama.*

*yarudishe,* aliandika mwanamke. Alikuwa akilia na herufi zilimpotea. *niambie nibofye wapi*

*Hayarudi, Shemeji.*

Heri angemtukana.

*

Jumatatu Fundi alikuwa ameshanyolewa mguu na kuandikwa alama ya kalamu chini ya goti. Alimwona mkewe mlangoni mwa wodi, akajiinua kwa viwiko.

"Umewakuta?"

"Nimewakuta. Wanakusalimia. Katibu anasema pole."

"Na nyumba umeionaje?"

"Ni nzuri." Hilo aliweza kulisema. "Dirisha la jikoni nimeliona."

Fundi aliona haya, akatazama pembeni kama kijana aliyeshikwa na barua. Baada ya muda akauliza, "Na matofali ya sebuleni? Hukuyagusa?"

Njiani alikuwa amejipanga kusema kweli. Aliitazama ile alama ya kalamu kwenye mguu.

"Yapo," alisema. "Sikugusa kitu."

"Bado saba tu," alisema Fundi, akalala chali. Kesho yake walipomsukuma kwenda chumba cha upasuaji alikuwa mtulivu kiasi kwamba muuguzi alimwambia mkewe, wachache wanaokwenda kukatwa kiungo na uso wa namna ile. Mwanamke alikaa kwenye benchi saa tatu akisubiri, na katika saa hizo hakuwaza mguu.

Alirudishwa nyumbani wiki mbili baadaye, kwa teksi iliyochangiwa na matajiri wake wawili wa usafi. Majirani walisaidia kumwinua. Walitaka kumlaza kitandani, akasema hapana, kitini. Mkewe akamwomba apumzike kwanza, ale, alale, na kesho si ipo. Fundi akacheka, akanyoosha mkono akawasha mwenyewe.

Ua ulikuwa umejaa. Katibu alikuwa amewapanga, mistari miwili kutoka langoni mpaka barazani, na Fundi alipopita katikati, yule Fundi wa miguu miwili, kila mmoja aliinama. Mkewe aliyaona hayo akiwa nyuma ya kiti na beseni la maji ya kumwosha mkononi. Aliona pia masikio ya mume wake yakisogea, kama kila anapotabasamu.

Sebuleni palikuwa na rundo. Wanachama waliobaki walikuwa wamerudi mtoni, kila mtu akachoma upya la kwake. Yalifika sitini na mawili. Fundi alilitazama rundo kwa umbali, kisha akasogea na kuanza kugusa. Aligusa moja, akasoma jina kwa sauti ya chini. Akagusa la pili. Hakuruka hata moja. Alipofika la mwisho aliuacha mkono juu ya kipanya.

"La mdogo wake Katibu halipo," alisema.

Mwanamke aliweka beseni sakafuni.

"Niliyatupa, Fundi. Jumamosi ile uliyonituma. Haya wamekuletea ili usijue."

"Ulibofya kwa makosa."

Alikuwa amemfungulia mlango, na ilikuwa rahisi kupita. "Iliniuliza kama nina hakika," alisema mkewe. "Nikasema ndiyo."

"Hukujua ni kitu gani."

"Sikujua ni kitu gani. Lakini nilijua ni chako."

Fundi alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu na ameona ni bei ya haki. Chini ya skrini watu walikuwa wakiandika, mstari juu ya mstari, Fundi upo, Fundi vipi. Alizima. Akaomba kile kitambaa cha meza, akaifunika kompyuta, akasema sasa yuko tayari kulala.

*

Kwa hiyo alipata alichokiomba miaka tisa. Mume wake aliacha gemu. Majirani walimpongeza. Kaka mtu alipiga simu kusema afadhali ule mguu umemrudisha akili, na yeye akajibu, ndiyo, shemeji, tunashukuru. Binti yao aliposikia alisema haamini.

Fundi alilala ameelekea ukutani. Asubuhi mkewe alimwacha hivyo na jioni alimkuta hivyo, chai imefanya utando. Akipewa chakula alikula, akiambiwa ageuke aligeuka, kidonda kikioshwa hakusema kinauma. Hakuwa amenuna. Mwanamke angejua la kufanya na mtu aliyenuna. Alimjibu kwa upole kila alichoulizwa, hapana, ndiyo, asante mama, na baada ya hapo ukuta. Ndevu zikamwota nyeupe. Siku moja kwenye nyumba ya tajiri wake, akiwa anafuta kioo, mwanamke alitambua kitu gani kinakosekana chumbani. Kila jioni, kwa miaka yote ile aliyokuwa akimpa kisogo, Fundi alikuwa akicheka walau mara moja kwenye ile mashine. Yeye alikuwa akilalia kicheko hicho na kukichukia. Sasa hakuna aliyecheka mle ndani.

Jumapili moja, mchana, alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Fundi," alisema, "nenda kacheze."

Aliisikia sauti yake ikisema hivyo na hakuiamini.

"Nikacheze nini."

"Leo siku ya ishirini na tisa."

"Iache ibomoke."

"Wanakungoja."

"Wamezoea watu kuondoka," alisema Fundi kwa ukuta.

Alimshika bega, akambembeleza. Akamwambia atambeba mpaka kitini ikibidi, atanunua bando la mwezi mzima, atapika mapema asimsumbue. Aliomba kama alivyoomba zamani, kwa machozi yaleyale, ila maneno yalikuwa yamegeuka. Fundi alimwacha aseme mpaka akaishiwa, kisha akajivutia shuka.

Mwanamke aliinuka. Bahasha ya dawa ilikuwa bado mkobani, imechakaa kwenye mikunjo. Aliondoa kitambaa, akawasha, akakaa kwenye kile kiti kilichomkataa. Nyumba ilikuwa imesimama. Katibu alikuwa barazani peke yake, ameketi ngazini, na alipoulizwa akasema huja kila siku saa hizi. Mwanamke akamwomba amwonyeshe mtoni ni wapi.

Ilimchukua saa nzima. Alichota udongo, akaumwaga, akachota tena. Alifyatua tofali lililopinda upande kama kiatu kilichovaliwa vibaya. Katibu alimwambia aandike jina, akaandika Shemeji, kwa kuwa kule ndani hakuwa na jingine. Kisha akalitia tanuri na kubofya moto, akabofya tena, na tena, maana alitaka liive haraka kabla roho yake haijakata tamaa. Spika za ile kompyuta kuukuu zikaanza kunguruma.

"Moto umezidi," ilisema sauti nyuma yake.

Hakugeuka. Aliogopa kugeuka. Alitafuta pa kupunguzia moto na hakupaona, kipanya kikamteleza, na tanuri likazidi kunguruma mpaka likatoa mlio mkavu, mfupi. Tofali lilikuwa limepasuka katikati, nusu ya jina huku, nusu kule.

"Nilikwambia," alisema Fundi. Uso wake ulikuwa bado ukutani.

Mwanamke alisubiri kama kuna neno jingine. Halikuja. Akaokota koleo, akarudi mtoni kuchota udongo.